Wewe Ndiwe Mweka Hazina: Kupanga Msako wa Bathidei ya Mtoto, na Pesa Zake

Mwaka jana, keki ikiwa mezani na mishumaa mitano imewashwa, mpwa wangu alitangaza PIN ya mama yake mbele ya watu karibu ishirini. Hakuwa na nia mbaya. Mjomba wake alimuuliza kwa mzaha, "Kijana, unajua ulizaliwa tarehe gani?" Naye akajibu kwa ile sauti ya mtoto ambaye kwa mara moja anajua jibu kuliko wakubwa: "Najua! Ni ile mama anabonyeza akitoa pesa!" Kisha akaitaja, namba moja moja.

Watu walicheka. Dada yangu pia alicheka, lakini niliona mkono wake ukienda mfukoni kutafuta simu.

Sherehe hiyo niliipanga mimi. Dada aliniambia, "Panga wewe, si ndiwe ulisomea marketing," na mimi nikaingia mzima mzima. Hiyo ya PIN haikuwa hata shida kubwa zaidi ya siku ile, na nitaeleza. Mwaka huu kijana alifikisha miaka sita, nikapewa kazi ileile, na badala ya watoto kukaa tu wakingoja keki tuliwapangia msako wa hazina nyumbani kwa cucu wao, King'ong'o hapa Nyeri. Somo la leo ni jinsi tulivyoupanga, kutoka shilingi ya kwanza mpaka mtoto wa mwisho kufungua pakiti yake. Kama una mtoto wa kati ya miaka mitano na tisa na bajeti isiyozidi elfu nne, unaweza kufanya huo huo wikendi ijayo.

Kabla ya mwaliko, badilisha PIN

Naanza na hili kwa sababu ni la dakika mbili na wengi wetu hatulifanyi. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano wa namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Ukiamua kutumia siku na mwezi wa kuzaliwa wa mtu, umezipunguza mpaka 366. Na ukituma kadi ya mwaliko yenye picha ya mtoto, jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa na chini yake namba yako ya simu "kwa mchango wako," umempa mkora kila kitu isipokuwa laini yenyewe. Laini nayo huibwa kila siku pale stejini.

Kwa hivyo ingia kwenye menyu ya akaunti yako, badilisha PIN, na usichague mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa pili. Halafu kwenye mwaliko andika tu "Jumamosi, saa nane mchana, anafikisha miaka sita." Wanaompenda wanajua alizaliwa lini. Wasiojua hawana haja ya kujua.

Mfuko wa sherehe ukae peke yake

Sasa ile shida kubwa ya mwaka jana. Nilikuwa kwenye matatu nikitoka Karatina, nikamtumia mama wa keki shilingi 800 zilizobaki. Nilibonyeza namba yake kwa kukumbuka, nikageuza tarakimu mbili za mwisho. Jina likatokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, kama linavyotokea siku zote, na mimi sikulisoma. Niliona tu kwamba kuna jina. Pesa zikaenda kwa mwanamume nisiyemjua.

Nilifanya jambo moja la akili: kabla hatujafika Marua nilikuwa nimeshatuma ule ujumbe wote wa muamala kwa 456, ambayo ndiyo namba ya kuomba M-Pesa irudishe pesa zilizokosea njia. Lakini kurudishiwa si kama kubonyeza kitufe. Ikiwa aliyezipokea ameshazitoa ama kuzitumia, huenda usizione tena, ndiyo maana dakika zina thamani. Mimi nilibahatika, zilirudi kesho yake asubuhi. Bathidei ilikuwa leo.

Keki ilitakiwa, kwa hivyo nikachukua 800 za overdrafti ya simu, nikamlipa mama wa keki. Mchana huohuo mjomba wa mtoto akatuma 1,000 za chakula cha watoto. Kama umewahi kutumia overdrafti unajua kilichofuata: pesa ikiingia kwenye simu yenye deni, deni linakula kwanza. Zilibaki shilingi mia na kitu. Watoto walikula mandazi moja moja, na mjomba alipouliza kwa upole, "Kwani ile elfu yangu ilinunua nini?" sikuwa na jibu ambalo lingeeleweka. Hesabu ilikuwa sawa, naapa, lakini ilikuwa kichwani mwangu tu, na kwa familia hesabu iliyo kichwani mwa mtu mmoja ni sawa na hakuna hesabu.

Tulichobadilisha mwaka huu ni vitu vitatu. Kwanza, anayepokea michango awe mtu ambaye simu yake haina deni lolote. Nilikuwa nimelipa langu wiki mbili mapema, ndiyo nikakubaliwa kazi tena. Pili, kila mchango ulipoingia niliuhamisha siku hiyohiyo kwenye akaunti ya akiba ya simuni, mbali na pesa zangu za kodi na nauli. Kwa M-Pesa na M-Shwari, kwa mfano, kuhamisha huku na huku hakukati ada. Tatu, kwenye kundi la WhatsApp la familia niliandika namba pamoja na jina litakalotokea, nikaongeza, "Ukiona jina lingine usitume, nipigie."

Na ukipokea ujumbe kwamba fulani amekutumia pesa, kisha mtu akupigie akilia kwamba amekosea na umrudishie, angalia salio lako kwanza. Ujumbe wa uongo unaandikwa na yeyote. Salio haliandikwi na mkora.

Michango ilikuwa hivi: dada 1,500, mimi 1,000, mjomba 1,000, na cucu 200. Cucu alituma 100 mara mbili. Nilidhani amekosea, nikampigia. Akaniambia, "Mia haikatwi, mia mbili inakatwa. Kwani nyinyi mlisomea nini?" Ni kweli. Kwa ada za sasa za M-Pesa, kumtumia mtu shilingi 100 kurudi chini ni bure, na kutoka 101 hadi 500 ni shilingi 7.

Jumla 3,700.

Anza na mwisho, halafu rudi nyuma

Makosa ya watu wengi ni kuanza na wanachotaka. Baluni, keki ya ghorofa, juisi ya pakiti, zawadi, halafu mwisho wanatafuta pesa. Sisi tulianza na 3,700 tukarudi nyuma. Keki ya kilo moja kwa mama jirani 1,500. Unga, sukari na mafuta ya mandazi 520. Mahindi ya bisi 100. Juisi ya kuchanganya 250. Chaki, karatasi ya manila na bahasha 150. Baluni 100. Hazina yenyewe, watoto tisa kwa shilingi 60 kila mmoja, 540. Hapo tumefika 3,160, na zile 540 zilizobaki hatukuzipangia kazi. Ziliachwa ziitwe "kama."

Kumbe hizo ndizo zilizotuokoa. Watoto tisa tuliowaalika walikuja kumi na mmoja, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu anayekuja na mtoto mmoja akamwacha mwingine langoni. Pakiti mbili zaidi, shilingi 120.

Unga na vitu vya duka tulilipa kwa till, ambapo kwa M-Pesa mteja hakatwi kitu. Mama wa keki hana till, ana simu yake tu, kwa hivyo nilimtumia 500 za kwanza kwa ada ya 7, na 1,000 siku ya kuchukua keki kwa ada ya 13. Safari hii nilikuwa nimemhifadhi kwenye orodha ya simu, na nilisoma jina herufi kwa herufi nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alinicheka.

Alama za mzee aliyezikwa hapa Nyeri

Sasa msako wenyewe. Shida ya mtoto wa miaka sita ni kwamba anasoma pole pole, na wale wa miaka minne hawasomi kabisa. Ukiandika madokezo marefu, wakubwa watakimbia na wadogo watabaki wakilia. Jibu nililipata hapahapa mjini.

Baden-Powell, yule Mwingereza aliyeanzisha Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, kwenye nyumba ndogo iitwayo Paxtu katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Alifariki hapa tarehe 8 Januari 1941, akazikwa kwenye makaburi ya St Peter's. Skauti husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuliona hilo kaburi, na sisi tunaopita karibu nalo tukienda sokoni wengine hatujawahi kuingia. Jim Corbett, yule mwindaji wa India aliyesifika kwa kusoma nyayo za chui na simba-milia, naye baadaye aliishi Paxtu na amezikwa makaburi hayohayo. Sijui mji mwingine mdogo wenye wasomaji wawili wa nyayo kama hao wakilala karibu karibu.

Jiwe la Baden-Powell lina duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ya Skauti ya kufuata njia, na maana yake ni "nimeenda nyumbani." Wiki moja kabla ya bathidei nilimpeleka mpwa wangu akaione. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza, "Tata, alienda nyumbani wapi na amelala hapa?" Sikujibu vizuri. Lakini alama hakuisahau, na ndiyo tuliyoweka mahali hazina ilipofichwa.

Alama tulizotumia zilikuwa nne tu. Mshale ni pita hapa. Msalaba wa X ni usipite hapa. Kisanduku chenye namba ndani na mshale pembeni ni kuna barua imefichwa, hatua kadhaa upande huo. Duara na nukta ni mwisho. Watoto tuliwakalisha dakika kumi, tukachora zote nne kwenye manila, tukawauliza moja moja. Yule mdogo kabisa, wa miaka minne, alizijua kabla ya wengine.

Kuna jambo moja la hiyo alama ya kisanduku. Nilipofanya majaribio niliandika hatua 8, nikazihesabu kwa miguu yangu. Mpwa wangu akahesabu nane zake, akaanza kuchimba katikati ya vitunguu vya cucu. Pima kwa miguu ya mtoto, si yako. Mwambie atembee mwenyewe siku iliyotangulia, umwambie ni mchezo mwingine.

Jambo la pili ni hewa yetu. Bathidei ilikuwa Agosti, likizo ya muhula wa pili, na wenye kuijua Nyeri wanajua Agosti hakuna jua la kuaminika. Asubuhi ni ukungu na manyunyu, na chaki inafutika kabla ya watoto kufika. Chaki tuliitumia chini ya veranda tu. Nje tulitengeneza mishale ya vijiti vya gravilea na mawe, kama Skauti wenyewe wanavyofanya. Barua tuliziweka kwenye mikebe ya majani ya chai na chupa za jemu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo usianze kuitafuta.

Kupanga vituo

Vituo vilikuwa saba. Zaidi ya hapo watoto wa umri huu wanachoka na kuanza kuuliza keki iko wapi. Hapa pia anza na mwisho. Chagua kwanza mahali pa hazina, halafu jiulize walitoka wapi kufika hapo, na kabla ya hapo walikuwa wapi. Sisi tulimalizia kwenye kibanda cha kuni, kwa sababu kina mlango unaofungwa na hakuna anayeingia mchana. Kabla ya kuni, mparachichi. Kabla ya mparachichi, kamba ya nguo. Kabla yake kiti cha cucu, kisha "duka" la mjomba ambalo nitalieleza, kisha tangi la maji, na cha kwanza kabisa banda la kuku.

Andika vitu viwili nyuma ya kila karatasi kwa penseli: inafichwa wapi, na inawapeleka wapi. Hili linaonekana la kitoto mpaka uwe na karatasi saba mkononi saa moja asubuhi. Karatasi inayozungumza juu ya tangi haiwekwi kwenye tangi, inawekwa kwa kuku. Mimi nilichanganya mbili, na bila zile penseli msako ungeishia kwenye kamba ya nguo.

Kwa wanaojua kusoma tuliandika vitendawili vifupi. Tangi: "Mvua ikinyesha nakunywa, jua likiwaka nawanywesha." Kamba: "Navaa shati la baba na soksi zako, lakini sina mwili." Mparachichi: "Watoto wangu ni wa kijani, na kila mmoja amemeza jiwe." Kiti: "Nina miguu minne na sitembei, anayenikalia anajua hadithi zote." Chini ya kila kimoja tulichora picha ndogo kwa wasiosoma. Kanuni ilikuwa mkubwa anasoma, mdogo anaonyesha picha, na hakuna anayeondoka kituoni mpaka wote wamefika. Bila kanuni hiyo, mtoto wa miaka tisa atamaliza msako peke yake kwa dakika saba.

Usifiche kitu karibu na zizi kama kuna ng'ombe aliyezaa juzi, karibu na shimo la choo, juu ya tangi ama ndani yake, karibu na jiko lenye moto, wala nje ya lango. Kote pale tuliweka X kubwa ya vijiti, na alama hiyo waliiheshimu kuliko wanavyoheshimu maneno yetu. Mbwa alifungwa. Mtu mzima mmoja kazi yake ilikuwa kuhesabu vichwa, basi, si kupiga picha.

Na simu zibaki kwa wenyewe. Mwaka jana nilirekodi madokezo kwa sauti na simu yangu ikazunguka mikononi mwa watoto ikiwa imefunguliwa. Niliona ni ubunifu. Nikifikiria sasa, ilikuwa pochi yangu yote ikitembea kwenye nyasi za napia.

Kituo cha mjomba

Kituo hiki ndicho ninachokipenda, na hakigharimu kitu. Mjomba alikaa kwenye stuli chini ya mti, mbele yake mkebe uliofungwa. Kila mtoto alikuwa amepewa "pesa" ya karatasi ya shilingi 20 na neno la siri, kila mmoja lake, alilonong'onezewa sikioni. Neno la mmoja lilikuwa "kobe," la mwingine "sufuria."

Ili kupata kipande chako cha dokezo ulitakiwa kumwambia mjomba unamlipa nani na unalipa ngapi, kwa sauti, kabla ya kutoa karatasi. Kama hukusema jina, hauziwi. Watoto walishika haraka sana. Mmoja alimwambia, "Nalipa wewe, mjomba, shilingi ishirini, na nipe ujumbe," akabaki amenyoosha mkono mpaka akaandikiwa kikaratasi cha kuthibitisha. Huyo mama yake ana duka Ruring'u, nadhani ndiyo sababu.

Halafu wakitoka hapo walikutana na binamu yao mkubwa, wa kidato cha pili, aliyevaa kofia na miwani. Kazi yake ilikuwa kuwa mkora. Alikuwa na peremende. "Mimi natoka ofisini," anawaambia kwa sauti ya simu, "kuna shida kidogo na akaunti yako. Niambie neno lako la siri nikutengenezee, na nitakupa peremende mbili."

Yule wa miaka minne alilisema hapohapo, akachukua peremende zake, akaondoka na furaha kamili. Wawili wengine walisita, wakasema. Mmoja alisema neno la mwenzake, jambo ambalo hatukuwa tumeliwekea kanuni. Mpwa wangu alisimama. Nilikuwa nyuma ya kamba ya nguo nikimtazama, na mama yake alikuwa karibu nami, hasemi kitu. Mtoto alitazama zile peremende kwa huzuni ya kweli, kisha akasema, "Hata tata hajui."

Nami kweli sikulijua. Aliyemnong'onezea ni cucu.

Hatukumgombeza aliyesema. Tulikaa kidogo kwenye nyasi, mkora akavua miwani, tukawauliza, "Huyu alikuwa anataka nini?" Walijua. Mtoto wa miaka sita akishajua kwamba mtu mzima mwenye sauti nzuri anaweza kuwa anamdanganya, huhitaji kumhubiria. Peremende zililiwa na wote baadaye, hata za mkora. Ukifanya kituo hiki nyumbani, mkora awe mtu wanayemjua na kumpenda, na asiwaguse wala kuwatisha. Ni mchezo. Wakianza kulia umeharibu.

Hazina

Pakiti zilikuwa sawa kabisa, za karatasi ya kaki: bano tano, penseli, biskuti na baluni moja. Sawa kabisa ni muhimu. Ukiweka zawadi moja kubwa kwa atakayefika wa kwanza, utakuwa na mtoto mmoja mwenye furaha na kumi wenye machozi, na mwenye bathidei pengine ni mmoja wa hao kumi. Bano si za mtoto chini ya miaka mitatu, anaweza kuzimeza. Kwa hao weka ndizi.

Waliiona duara na nukta, ya majivu, mbele ya mlango wa kibanda. Kelele iliyofuata ilimtoa jirani nje. Msako wote ulichukua dakika arobaini na tano, na manyunyu yalianza wakati wa mandazi, tukaingia ndani.

Jioni hiyo, kabla sijavua viatu, niliandika kwenye kundi la familia: "Imeingia 3,700. Keki 1,500, mandazi 520, bisi 100, juisi 250, karatasi na chaki 150, baluni 100, pakiti kumi na moja 660, ada za kutuma 20. Imetumika 3,300. Imebaki 400, nimemtumia mama yake." Ile ada ya kumtumia 400, shilingi 7, niliitoa kwangu. Nikaambatanisha picha za ujumbe wa miamala, nikiwa nimefunika namba za watu.

Cucu hakujibu, yeye hana WhatsApp. Mjomba alijibu baada ya kama saa moja: "Nimeona. Mwaka ujao mimi ndiye mkora."